Tulimaliza Mkopo wa Nyumba Mapema, Nikakosea Namna ya Kusema

Ijumaa moja ya Machi 2024, saa tatu usiku, niliipiga picha barua ya benki nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu. Barua yenyewe ilikuwa na aya mbili: mkopo umelipwa wote, salio ni sifuri. Chini yake nikaandika, "Mungu ni mwema. Nyumba sasa ni yetu, miaka sita kabla ya wakati." Mume wangu, Baba Neema, alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Sikumsubiri. Nilizima taa nikalala fofofo, kama mtu aliyetua gunia begani.

Kundi lile lina watu 46, kuanzia shangazi zangu wa Wundanyi hadi mabinamu walioko Mombasa ambao tunaonana misibani tu. Asubuhi pongezi zilikuwa zimejaa. "Hongera dada." "Mungu azidi kukuinua." Shangazi mmoja aliandika Zaburi nzima. Nilizisoma moja moja huku nikinywa chai, kisha nikabonyeza kuona ni nani na nani wamesoma. Jina la kaka yangu mkubwa lilikuwapo. Alikuwa ameusoma ujumbe saa tatu na dakika nne, karibu mara tu nilipoutuma, na hakuandika neno.

Nilitumia miaka mingi kujifunza jinsi ya kulipa deni lile. Kuhusu jinsi ya kuwaambia watu kwamba limeisha, sikufikiri hata dakika tano. Nasimulia yote mawili, kwa sababu la pili haliwezi kueleweka bila la kwanza.

Nyumba iko Imara Daima, Nairobi. Tuliinunua Mei 2010 kwa shilingi 5,750,000. Benki ilitupa asilimia 80, yaani 4,600,000, kwa miaka 20, riba asilimia 14. Asilimia 20 iliyobaki tuliikopa kwenye Sacco zetu mbili, yaani vyama vya akiba na mikopo, mimi yangu na mume wangu yake. Halafu tukagundua kuna gharama ambazo hatukuwa tumezitenga: ushuru wa stempu wa asilimia 4, ambao kwetu ulikuwa 230,000, ada ya wakili, ada ya mthamini, bima ya maisha ya mkopo, bima ya moto. Yeyote anayetaka kununua nyumba Nairobi aweke akiba ya ziada kwa mambo hayo kabla hajatia saini popote. Sisi tuliuza gari.

Rejesho la kwanza lilikuwa shilingi 57,202. Nilifurahi kulilipa hadi nilipoomba taarifa ya mkopo nikaona mgawanyo wake. Riba ilichukua 53,667. Deni lenyewe lilipungua kwa shilingi 3,535. Nilikaa na karatasi ile kwenye ngazi za benki nikarudia hesabu kwa simu, nikidhani karani amekosea. Hakuwa amekosea. Mikopo ya namna hii huanza hivyo: miaka ya mwanzo unailipa riba, deni hulifikii.

Kisha ukaja mwaka 2011. Waliokuwa wakilipa mikopo wakati ule wanaukumbuka. Shilingi ilishuka hadi zaidi ya mia moja kwa dola, bei za vitu zikapanda karibu asilimia 20, na Benki Kuu ikapandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi asilimia 18 Desemba. Barua ya benki yetu ilifika Januari 2012: riba mpya asilimia 22, rejesho jipya shilingi 84,700. Mishahara yetu miwili, baada ya makato, ilikuwa 142,000.

Mwaka huo Neema alikuwa na miaka minne. Tulimpeleka kwa mama yangu Wundanyi, akakaa huko miezi 14, kwa sababu hatukuweza kulipa yaya na shule na benki kwa pamoja. Mama hakuuliza lolote. Alipeleka mtoto chekechea ya kanisa, na kila mwisho wa mwezi alitutumia kwa basi gunia lenye mahindi, maharagwe, viazi na ndizi, akilifunga kwa kamba ya mkonge yenye mafundo matatu. Baba Neema alikuwa akitembea kwa miguu hadi Industrial Area, asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa nikichukua zamu za ziada maabara kila nilipopata. Ningeweza kusema tulivumilia, lakini kusema kweli kuna usiku tulikaa jikoni tukajadili kuiuza nyumba, na tulichokosa ni mnunuzi tu.

Riba ilishuka pole pole. Kufikia 2013 tulikuwa tukilipa kama 71,000. Septemba 2016 ilianza kutumika sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu, na rejesho letu likashuka hadi 58,000 na kitu. Hapo ndipo tulipofanya uamuzi uliotumalizia deni, na ndio ninaowaambia vijana wanaoniuliza: hatukuishusha ile 71,000. Mwili ulikuwa umeizoea. Tuliiandikia benki barua kwamba tofauti yote iende kwenye deni, isiwekwe kama malipo ya mwezi ujao. Jambo hilo mlihakikishe kwa maandishi, maana miezi miwili ya kwanza benki iliiweka kama malipo ya mbele na deni halikushuka ilivyopasa. Na kila Sacco ilipotoa gawio, tulilipeleka huko. Mwaka mbaya tulipeleka 30,000. Mwaka mzuri, 2019, tulipeleka 150,000.

Naomba msomaji aukumbuke huo mwaka wa 2019.

Februari 2024 zilibaki kama 640,000. Riba ya Benki Kuu ilikuwa imepanda hadi asilimia 13 na barua za kupandisha marejesho zilikuwa zimeanza tena. Mume wangu alisema, "Sitaki kuiona barua nyingine ya Januari 2012." Tukazitoa akiba zetu zote za nje ya Sacco, tukatoa notisi ya mwezi mmoja, tukalipa. Nilipojumlisha kila kitu, nyumba ya milioni 5.75 ilikuwa imetutoa zaidi ya milioni 12. Na siku tuliyolipa, akaunti zetu mbili kwa pamoja zilibaki na shilingi 23,000.

Lakini picha niliyoituma haikuwa na ile 23,000. Haikuwa na gunia la mama wala viatu vya Baba Neema vilivyotoboka soli. Ilikuwa na neno moja tu, sifuri, na watu walilisoma kinyume: kwamba tuna pesa.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alimpigia kaka yake saa tano usiku ule ule, akampongeza, kisha akamwomba 200,000 za kukamilisha ploti Kitengela. Baba Neema hakujua kinachozungumziwa. Habari ya nyumba yake mwenyewe aliipata kutoka kwa mtu aliyekuwa akimkopa. Alirudi asubuhi akaweka mkoba mezani akasema, "Mama Neema, hii tuliibeba wawili. Mbona umeitua peke yako?" Hakupaza sauti. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Wiki moja baadaye nilikuwa nimepokea maombi tisa. Watatu walitaka mkopo. Wawili walitaka niwadhamini Sacco, wakiamini kwamba kwa vile sina deni la benki, akiba yangu iko huru. Binamu mmoja alinifanya mweka hazina wa kamati ya harusi yake bila kuniuliza, na kila mtu anajua mweka hazina wa kamati hutarajiwa kuanza yeye. Sikuwa na jibu lililoandaliwa kwa yeyote kati yao. Nilisema "nitaangalia," na "nitaangalia" kwa Kiswahili cha ndugu ni ndiyo iliyochelewa. Wawili kati yao hatujarudiana vizuri mpaka sasa, na kosa ni langu, kwa sababu niliwaacha wangoje.

Jibu nilikuja kulipata baadaye, tulipokaa na Baba Neema na daftari. Tuliigawa ile 71,000 kabla haijaanza kuonekana kwenye akaunti: sehemu kubwa iende kwenye akiba ya dharura mpaka ifike mishahara ya miezi sita, sehemu iende karo ya Neema, na 6,000 ziende kwa wazazi, 3,000 kila upande, kila mwezi, bila kuombwa. Tangu hapo nikiombwa ninaweza kusema kwa moyo mweupe, "Ile pesa ya benki tayari ina kazi." Watu huielewa sentensi hiyo. Kuhusu kudhamini tuliamua jambo moja na tunalisema wazi: hatumdhamini mtu ambaye hatuwezi kumlipia deni lake. Mdhamini wa Sacco hatii saini tu. Akiba yake inashikiliwa, na aliyekopa akishindwa, akiba za wadhamini ndizo zinazoingiliwa.

Siku ya Jumanne, siku nne baada ya ile picha, nilipigiwa simu na mwanamume aliyejitambulisha kuwa wa ofisi ya mawakili wa benki. Alinitaja kwa majina yangu matatu. Alitaja namba ya mkopo bila kukosea tarakimu hata moja. Alisema hati yangu iko tayari ila kuna ada ya 18,500 ya kuharakisha, nilipe kwa namba ya till aliyonitumia. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika kiasi. Kilichonizuia ni kwamba mwenzangu maabara aliniita kuangalia sampuli, na niliporudi kwenye simu akili ilikuwa imetulia. Nikapiga tawi la benki kwa namba iliyo kwenye taarifa zangu za zamani. Hawakumjua mtu huyo. Barua yangu ilikuwa imebeba jina, namba ya mkopo na namba ya nyumba, na mtu fulani kati ya wale 46, bila nia mbaya, alikuwa ameisambaza mbele akijivunia binamu yake. Nilimwomba radhi mume wangu mara ya pili wiki hiyo. Barua ya namna ile haipigwi picha. Ikiwa lazima useme, sema kwa mdomo.

Na kulikuwa na jambo ambalo hata mimi sikulijua siku ile: nyumba ilikuwa bado haijawa yetu kwenye karatasi. Kulipa deni ni hatua ya kwanza. Rehani iliyosajiliwa juu ya hati inabaki pale mpaka benki itie saini hati ya kuiondoa, wakili aipeleke ikasajiliwe, na rejista ya ardhi ibadilishwe. Nilipofanya upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi wa mtandaoni, mwezi Mei, jina la benki lilikuwa bado limekaa juu ya nyumba yetu. Wakili wa benki alisema faili liko Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi. Ardhi House wakasema wanangoja wakili. Nilienda mwenyewe mara nne, nikichukua likizo ya siku nzima kila mara, na mwishowe nilijifunza kuomba nakala ya kila barua inayotoka benki kwenda kwa wakili, yenye tarehe na muhuri, ili asiwepo wa kuniambia "bado haijafika." Tuliipata hati Agosti, miezi mitano baada ya malipo ya mwisho. Ada ya wakili na usajili ilikuwa 35,000, na pesa hizo pia hatukuwa tumezitenga. Laiti ningengoja Agosti ndipo niseme.

Kazini habari ilipokelewa kwa namna nyingine. Nina rafiki wa hesabu, mtu makini, aliyeniuliza mbona tumefanya hivyo Februari ile ile ambayo serikali ilikuwa inauza bondi ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. "Mkopo wenu ulikuwa asilimia 16 au 17. Mngeweka zile 640,000 kwenye bondi, bondi ikalipa mkopo." Akaongeza kwamba tumepoteza pia nafuu ya kodi, maana sheria ya wakati ule iliruhusu riba ya mkopo wa nyumba hadi 300,000 kwa mwaka itolewe kwenye mapato kabla ya kukatwa kodi.

Kwa hesabu tupu, kuhusu bondi alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Kuhusu kodi hakuwa sahihi sana kwetu: deni lilipobaki dogo, riba ya mwaka ilikuwa kama laki moja tu, kwa hiyo nafuu ilikuwa 30,000 kwa mwaka mzima. Lakini jibu langu la kweli lilikuwa jingine. Mimi nimemtuma mtoto wa miaka minne akaishi kilomita zaidi ya 300 kutoka kwangu kwa sababu ya barua moja ya riba. Bondi ya asilimia 18 haiwezi kunilipa kwa hilo, na sikutaka tena kuwa na mkataba ambao mtu mwingine anaweza kuubadilisha Januari. Aliyechagua bondi hajakosea. Mazungumzo yale yalinipa kitu, hata hivyo, kwa sababu yeye aliuliza hesabu badala ya kuuliza pesa, na niligundua kuwa nilikuwa nimekosa mtu wa kuongea naye hivyo kwa miaka yote. Tangu siku hiyo vijana wawili wa maabara wameniomba niwaonyeshe taarifa zangu za mkopo. Huwa nawaonyesha ule ukurasa wa 3,535. Mmoja sasa anaulizia mikopo ya riba chini ya asilimia 10 ambayo baadhi ya benki na Sacco hutoa kupitia Kenya Mortgage Refinance Company. Wakati wetu haikuwapo.

Sasa nirudi kwa kaka.

Septemba 2019 alinipigia kutoka Voi. Mwanawe mkubwa alikuwa amepata nafasi ya chuo na zilihitajika 90,000 za kuanzia: karo, chumba, vitu vya kwenda navyo. Aliomba nimkopeshe, si kumpa. Nilimwambia, "Kaka, sina." Wiki ile ile tulikuwa tumepeleka 150,000 za gawio benki. Kijana akakaa nyumbani mwaka mzima akiendesha pikipiki ya mtu, akaingia chuo 2020. Na kaka huyu, nilipokuwa kidato cha pili na baba amefariki, ndiye aliyeacha shule akaenda kukata mkonge Mwatate ili mimi niendelee.

Katikati ya Aprili nilipanda treni ya saa mbili asubuhi inayosimama Voi. Sikumwambia kwamba naja. Nilimkuta kibandani kwake, ambako hutengeneza baiskeli na kuuza vipuri vya bodaboda. Alikuwa amepindua baiskeli magurudumu juu, anapitisha tyubu kwenye beseni la maji kutafuta tundu. Akanipa kigoda. Akaendelea na tyubu, akiisukuma majini inchi kwa inchi, akiibana kwa vidole vyenye grisi.

"Kaka, nimekuja kwa sababu ya ile picha."

"Picha niliiona."

"Mwaka ule nilikwambia sina."

Viputo vikatoka majini. Akaweka kidole pale penye tundu, akachukua msasa, akaanza kuparuza.

"Mimi sikasiriki kwamba mlilipa nyumba," akasema. "Deni dawa yake kulipa. Ungeniambia, kaka ninazo, lakini nimeziahidi benki, ningekununia wiki moja. Ningeelewa. Mimi najua deni. Lakini uliniambia huna, nikakuonea huruma. Nikamwambia kijana, shangazi yako hali yake ni mbaya, tusimsumbue. Tukakaa miaka mitano hatukusumbui. Halafu nimekuja kujua pamoja na watu 45."

Nililia pale kibandani, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua baiskeli yake. Kaka aliniacha nilie, akabandika kiraka, akajaza upepo, akapokea shilingi 50 zake.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilianza wapi. Halikuanza na picha. Miaka yote tuliyokuwa tukilipa zaidi ya tulichodaiwa, kila aliyetuomba nilimwambia "sina." Ilikuwa rahisi kusema, na haikuhitaji maelezo. Lakini kila "sina" niliyoitoa ilikuwa imeandikwa mahali, na siku niliyotangaza kwamba tumemaliza mapema, kila mmoja alifungua daftari lake akasoma upya. Kumbe zilikuwapo. Mtu anayepanga kulipa mkopo wake mapema atawanyima watu, hilo halikwepeki, na ninaamini ana haki. Wale wa karibu kabisa, ambao kwetu ni watu wanne au watano, inafaa wajue mpango mapema, kwa jina lake: tuna deni hili, tunalikimbiza, mpaka mwaka fulani mtatukuta tumebana mikono. Hapo habari ya mwisho ikija, inakuwa habari yao pia.

Kutoka Voi nilipanda matatu hadi Wundanyi. Mama hana simu ya picha. Nilikuwa nimepanga kumwambia mwenyewe, ana kwa ana, na nilikuwa nimechelewa mwezi mzima.

"Jirani aliniambia," akasema, akichambua maharagwe kwenye ungo. "Mwanawe yuko kwenye hilo kundi lenu. Akaniuliza, umesikia binti yako amemaliza nyumba? Nikamwambia najua, aliniambia zamani."

"Mama, sikukwambia."

"Najua hukuniambia."

Akanisogezea ungo, tukachambua pamoja. Baadaye nilimwonyesha hesabu, nikamsomea kwa sauti mwaka wa 2012 mwezi kwa mwezi, na kila mwezi aliweza kuniambia alikuwa ametuma nini kwenye gunia. Nilirudi Nairobi nikamweleza Neema, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16, kwa nini alikaa kwa bibi. Alikuwa amekua akidhani alipelekwa kwa sababu alikuwa mtukutu.

Hati ilipotoka Agosti sikuiandika popote. Nilimpigia mama, nikampigia kaka, Baba Neema akawapigia wa kwao, basi. Kwa kaka niliuliza pia kuhusu kijana. Alikuwa anaingia mwaka wa mwisho na alidaiwa 38,000. Nikasema ninazo, na hazina kazi nyingine, naomba nizilipe. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika.

"Lipa," akasema. "Lakini usiandike kwenye kundi."